Mihadhara yote nasikiliza, mtihani unaniangusha: niache chuo cha mtandaoni?

Mjomba, shikamoo.

Nina miaka 33, nimeolewa, nina watoto wawili wadogo, na kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu katika kampuni ndogo. Bosi aliniambia bila kuficha kwamba bila shahada nitastaafia hapohapo nilipokaa. Chuo chenye shahada ya uhasibu ya jioni kiko mbali, na ili nikifikie ingenibidi niache kazi au niwaache watoto. Ndiyo maana nikajiandikisha katika chuo kinachofundisha kwa njia ya mtandao.

Muhula wa kwanza umekwisha. Nilichukua masomo matano. Matatu nimefaulu, moja nimepita chupuchupu, na Takwimu nimefeli vibaya sana. Kinachoniuma ni kwamba sikuwa mvivu. Mihadhara yote niliisikiliza. Watoto wakishalala naifungua, mara nyingine huku napiga pasi, na kwa kuwa muda hautoshi naiendesha kwa kasi ya mara moja na nusu. Ninaposikiliza naelewa kabisa, hata namtangulia mwalimu. Nikifunguliwa mtihani, kila kitu kinayeyuka.

Darasani kwetu, kama ni darasa, tuko mamia na simjui mtu. Kwenye vipindi vya moja kwa moja nazima kamera kwa sababu nyuma yangu kuna kitanda na watoto wanaopita. Swali sijawahi kuuliza. Kazi ya kundi aliifanya mtu mmoja, sisi wengine tukaandika majina.

Mume wangu hajui habari ya Takwimu. Alikubali kwa shingo upande tulipe ada, kwa hiyo naogopa kumwambia. Dada yangu mkubwa, ambaye alisoma chuo cha kawaida, anasema shahada ya mtandaoni ni karatasi tu na waajiri wanaicheka. Ananishauri niache, watoto wakikua niingie chuo "cha kweli".

Dirisha la kujisajili kwa muhula ujao linafungwa karibuni. Niendelee au niache? Na tatizo ni mimi, au ni huu mtandao?

Mwanafunzi wa Usiku

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na jibu, maana dirisha lako halisubiri: endelea, ila usijisajili masomo matano tena. Chukua matatu, Takwimu ikiwa mojawapo, na hiyo Takwimu utafute mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Lipo sharti moja linaloweza kuligeuza jibu hili lote, nitalifikia nikimjibu dada yako.

Kuna sentensi katika barua yako niliyoisoma mara mbili, ile unayosema ukisikiliza unaelewa mpaka unamtangulia mwalimu. Nakuamini. Lakini uelewa ule ulikuwa wa mwalimu, wewe uliazimwa tu kwa muda wa kipindi. Mwalimu hodari anaposhuka na swali hatua kwa hatua, kila hatua inaonekana haikuwa na budi kuja, kwa sababu yeye ndiye aliyeichagua. Mtihani unakutaka wewe uchague. Hakuna aliyejua kuendesha baiskeli kwa kumtazama mwenzake akikatiza mtaani, hata angemtazama muhula mzima.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio ambayo mimi ningeyabandika kwenye ukurasa wa kwanza wa kila chuo cha mtandaoni. Waliwapa wanafunzi matini fupi. Wengine wakairudia kuisoma, wengine wakaifunika na kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki nzima, mambo yakageuka: walioandika kutoka kichwani ndio waliokumbuka zaidi. Na kinachochekesha, waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika mkubwa kwamba watakumbuka. Wewe umekuwa katika kundi hilo la wenye uhakika.

Sasa, ugonjwa huu hata darasani upo. Lakini darasani mwalimu anaandika swali ubaoni, ananyamaza, anawatazama. Ule ukimya wake unakulazimisha ujaribu, hata kama hutaki, hata kama unaomba Mungu asikuite jina. Video hainyamazi. Inauliza na kujijibu yenyewe, na wewe unaitikia kwa kichwa huku pasi inapita kwenye kola. Kwa hiyo ukimya uuweke wewe. Swali likitokea, simamisha video, chukua karatasi, jaribu mpaka ukwame, ndipo uiachie iendelee. Kipindi cha saa moja kitakuchukua karibu saa mbili, na ndiyo maana nimekwambia masomo matatu. Usikimalize kwa mkao mmoja pia. Watafiti watatu, Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin, walichunguza mamilioni ya nyakati ambazo watu walitazama video za masomo kwenye jukwaa la edX, na matokeo waliyoyatoa mwaka 2014 yalionyesha kwamba video za zaidi ya dakika 6 hivi huanza kupoteza watazamaji. Kwa hiyo mhadhara mrefu ukate vipande mwenyewe.

Pasi siikatazi moja kwa moja. Kuna masomo yanayovumilia pasi: historia ya uhasibu, utangulizi wa sheria za biashara, mambo ya kusikia mara ya kwanza ili baadaye ukiyasoma yasiwe mageni. Kasi ya mara moja na nusu nayo ni halali kwa unachokijua tayari, na wewe uliyeshika vitabu vya hesabu kazini unajua mengi kuliko wenzako waliotoka shule juzi. Takwimu haivumilii. Takwimu ni mkono na karatasi.

Nije kwenye mtandao wenyewe, maana umeuliza na sitaki nikujibu nusunusu.

Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungua somo la akili bandia la Chuo Kikuu cha Stanford kwa yeyote duniani mwenye intaneti. Waliojiandikisha walikuwa kama 160,000. Waliomaliza walizidi kidogo 20,000. Unaweza kuisoma habari hiyo kwa furaha, kwamba watu zaidi ya 20,000 walimaliza somo ambalo ukumbi wa chuo usingewabeba hata kwa miaka kumi. Mimi naisoma pia kwa upande wa pili. Walimu walikuwa walewale, video zilezile, bure kwa wote, na bado wengi mno waliishia njiani. Najua wengine walikuwa wapita njia waliotaka kuchungulia, na wewe unalipa ada kwa hiyo hufanani nao. Lakini waliodhamiria nao walipotea, na walipopotea hakuna aliyewaulizia.

Nadhani hapo ndipo mtandao unapokula watu. Ubora wa masomo si shida kubwa. Mihadhara ya mtandaoni mara nyingi imeandaliwa vizuri kuliko ile ya mwalimu aliyechoka saa kumi na moja jioni. Kinachokosekana ni mtu wa kugundua kwamba haupo. Ukikosa darasani siku mbili, jirani yako wa kiti anauliza. Ukiboronga zoezi, mwalimu anakuona usoni. Wewe umepita muhula mzima bila mtu yeyote, hata mmoja, kujua kwamba Takwimu inakutoka mkononi. Mume hajui, mwalimu hajui, wenzako hawajui. Hata wewe mwenyewe ulijua siku ya matokeo.

Na wako watu ambao pengo hilo linawaumiza zaidi. Di Xu na Shanna Jaggars walifuatilia rekodi za wanafunzi zaidi ya 40,000 wa vyuo vya jamii katika jimbo la Washington, Marekani, wakachapisha matokeo yao mwaka 2014. Kwa ujumla wanafunzi walifanya vibaya zaidi katika masomo ya mtandaoni kuliko ya darasani, lakini walioshuka sana walikuwa vijana wadogo, wanaume, na wale walioingia na alama dhaifu. Wanawake na watu wazima walistahimili vizuri zaidi. Sikuambii hayo ili uvimbe kichwa. Nakuambia kwa sababu dada yako anakushauri usubiri kana kwamba umri wako ndio unaokuzuia kusoma hivi, na mimi naona umri wako unakusaidia.

Basi jitafutie watu. Wawili wanatosha, wa somo lilelile, mnaopigiana simu siku moja kwa wiki na kila mmoja anamweleza mwenzake swali moja alilofanya. Usiseme humjui mtu: ingia kwenye jukwaa la majadiliano la kozi, tafuta aliyeandika "jamani zoezi la tatu mmelielewaje?", huyo ndiye ndugu yako. Na wiki ya kwanza ya muhula uliza swali, hata dogo, hata kwa kuandika. Swali la kwanza ndilo gumu. Likishapita, mwalimu anakuwa na jina lako na wewe unakuwa na mazoea. Tena hapa mtandao unakupa kitu ambacho ukumbi haukupi. Mtu mwenye haya, ambaye asingenyoosha mkono mbele ya mia mbili, anaweza kuandika swali lake taratibu, akalisoma, akalirekebisha, ndipo akalituma.

Ile kazi ya kundi, mwanangu, hapo mmejidanganya. Chuo kisingejua, sawa. Lakini aliyefanya ndiye aliyejifunza, na nyinyi mmemlipia ada ya mazoezi.

Kwa Takwimu, uliza kama chuo chako kinaruhusu somo mojamoja kusomwa ana kwa ana, au kama kina kituo cha wanafunzi chenye mkufunzi mwishoni mwa wiki. Vipo vyuo vya masafa vyenye utaratibu huo, na wanafunzi wengi hawaujui kwa sababu hawakuuliza. Kama hakuna, tafuta mtu anayejua Takwimu umlipe kwa saa chache. Kuchanganya njia mbili si kushindwa. Wizara ya Elimu ya Marekani iliwahi kukusanya tafiti nyingi za masomo ya mtandaoni, na ripoti yake ya mwaka 2010 ilionyesha waliochanganya mtandao na darasa wakiwatangulia waliokaa darasani tu. Ripoti hiyohiyo ilitahadharisha kwamba waliochanganya mara nyingi walipewa muda zaidi na vifaa zaidi. Kwangu tahadhari hiyo ndiyo yenye faida: wewe pia jipe muda zaidi.

Dada yako sasa.

Anaposema ni karatasi tu, hajui historia ya anachokisema. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946. Nelson Mandela alihitimu shahada yake ya sheria kupitia chuo hicho mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1969, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikaanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1992. Watu wamesoma kwa bahasha, kwa redio, kwa kanda, na leo wanasoma kwa simu, na wamekuwa mawakili, walimu na wahasibu wanaokagua vitabu vya hao hao wanaocheka.

Ila hofu yake haikutoka hewani. Mtandao umerahisisha kazi ya matapeli pia. Chuo hewa siku hizi kinahitaji tovuti nzuri tu. Hilo ndilo sharti nililokuahidi. Kabla hujalipa muhula ujao, wasiliana na mamlaka inayosimamia vyuo vikuu katika nchi yako uhakikishe chuo chako kina ithibati, na kwamba ithibati hiyo inahusu shahada hiyo hiyo kwa njia ya mtandao. Kisha wasiliana na bodi ya wahasibu uulize kama wanaitambua kwa ajili ya mitihani yao ya taaluma. Usiulize chuo, kila chuo kitakujibu ndiyo. Kama moja kati ya hizo mbili itasema hapana, futa yote niliyoandika juu, usilipe tena ada, na anza kutafuta chuo kingine. Zote zikisema ndiyo, mwombe dada yako kwa upole akutajie mwajiri mmoja aliyecheka.

Jambo moja nampa haki yake kamili. Yeye alipata chuoni vitu ambavyo wewe huvipati: marafiki wa kudumu, mabishano ya korido, mtu wa kumwambia "twende tukaone nafasi ile ya kazi". Hiyo ni hasara ya kweli, na nani atakuambia vinginevyo isipokuwa anayekuuzia kozi? Wewe lakini una bosi anayesubiri shahada yako na kazi inayoendelea. Kijana wa miaka 18 asiye na kazi wala mtu anayemjua mjini angeniuliza swali hili, ningemjibu tofauti.

Kamera usiigeuze vita. Kwenye mhadhara wa mamia, izime tu, hakuna anayekutafuta. Mkiwa kundi la watu wanne, iwashe, ukungushe mandhari ya nyuma ili kitanda kisionekane, na ufiche ile picha yako mwenyewe kwenye kioo. Jeremy Bailenson wa Stanford alieleza mwaka 2021 kwa nini mikutano ya video inachosha, na kujitazama usoni muda wote ni mojawapo ya sababu alizozitaja. Nyingine ni kukaa bila kusogea.

Nimebakiza mume wako, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu nadhani Takwimu ilianguka nyumbani kabla haijaanguka kwenye mtihani.

Wauzaji wa masomo ya mtandaoni hupenda kusema "soma wakati wowote, popote". Kwa mwanamke mwenye watoto, maneno hayo yana mtego. Anayekwenda chuo cha jioni anabeba mkoba, anaaga, mlango unafungwa, na kila mtu nyumbani anajua hayupo mpaka saa tatu. Wewe upo. Unaonekana. Na mama anayeonekana ni mama anayepatikana: maji yako wapi, huyu ananipiga, sare imeoga wino. "Wakati wowote" wako umekuwa ule unaobaki wote wakishalala, yaani wakati ambao akili yako nayo imeshalala. Hakuna aliyekuonea. Hamkupangiana tu.

Kwa hiyo mwambie kuhusu Takwimu. Mwambie kabla hajakutana na ujumbe wa ada ya mtihani wa marudio kwenye simu. Lakini usiende kama mshtakiwa. Nenda na karatasi yenye mambo matatu: nilifeli hili, sababu ni hii, na nahitaji saa hizi. Saa zitaje kwa siku na majira, kwa mfano Jumanne na Alhamisi jioni na Jumamosi asubuhi, na kwa saa hizo watoto ni wake na wewe umetoka, hata kama uko chumba cha pili. Kama ipo maktaba au ofisi tupu baada ya kazi, toka kweli, itamsaidia kuzoea. Mume aliyekubali kwa shingo upande mara nyingi anasubiri kuonyeshwa mpango. Akikataa hata saa hizo, basi umejua jambo muhimu kabla hujalipa, na mimi ningekushauri uchukue somo moja tu kuliko matatu ya usiku wa manane.

Na ikitokea muhula huu, ukiwa na saa zako, wenzako wawili na mkufunzi, ukaona katikati kwamba bado unazama, usipotee kimya kama wengi wanavyofanya. Andika barua ya kuahirisha kabla ya tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo ipo kwenye kalenda ya chuo, itafute leo. Anayeahirisha kwa maandishi kwa kawaida anarudi na alama zake alizokwishapata. Anayeacha tu kuingia mtandaoni huandikiwa sifuri, na mfumo hautampigia simu kumuuliza kulikoni.

Mjomba